Ushauri: Polytopia mtandaoni, ikifika zamu ya 10 nimeshazingirwa

Mchovu wa Mawingu

Wakuu salaam. Wale mnaocheza Battle of Polytopia, ule mchezo wa makabila yanayogombea ramani kwa zamu, na watu, siyo na roboti, naomba msaada. Roboti nawapiga hata nikiwa nasinzia. Shughuli ni mtandaoni, mmoja kwa mmoja, ramani ndogo ya nchi kavu. Ikifika zamu ya 10 jamaa ana miji sita, mimi mitatu, na farasi wake wamejaa mlangoni kwangu.

Natumia kabila la Xin-xi. Zile nyota 5 za kuanzia (nyota ndizo pesa za mchezo) natoa 2, nanunua askari wa pili: mmoja anakwenda kushoto, mwingine kulia. Zinazobaki nalimbikiza ninunue teknolojia ya farasi. Mji mkuu ukifika ngazi ya pili unachagua karakana ya kukuongezea nyota au mpelelezi wa kufungua ramani; mimi nachukua mpelelezi, kwa sababu mawingu yanayoficha ramani yananikera na sijui vijiji viko wapi.

Ila wakuu, msiniambie tatizo ni mimi tu. Huu mchezo una mambo ya ajabu. Kila ukiteka kijiji, teknolojia zote zinapanda bei. Sasa napewa adhabu kwa kufanya kile mchezo wenyewe unachotaka nifanye? Halafu magofu: mwenzangu anakanyaga gofu anapewa nyota 10, mimi natembea ramani nzima sijaliona hata moja. Na hii saa 24 kwa kila zamu, mtu akishaona anapigwa anakuacha unasubiri hadi kesho yake jioni ndiyo asogeze askari mmoja. Mnaishije na hivi vitu?

Chuma Ulete

Hahaha, karibu chamani. Hilo la saa 24 tafuta mechi za saa fupi, au fungua mechi kadhaa kwa mpigo usiwe unakodolea moja. Akipitisha muda wake unaweza kumtoa. Mengine wakubwa watakuja.

Mama Karakana

Mleta mada, pole. Tupige hesabu kwanza, lawama baadaye.

Mji mkuu unaanza na nyota 2 kwa zamu. Mwenzio akiwa kabila la Bardur amezaliwa na teknolojia ya uwindaji. Zamu ya 0 anawinda wanyama wawili, kila mmoja anaongeza mkazi mmoja, nyota 4 zimeondoka, mji umepanda ngazi ya pili, anachagua karakana. Papo hapo mapato yake ni nyota 4 kwa zamu: mbili za ngazi, moja ya mji mkuu, moja ya karakana. Wewe wa Xin-xi ukicheza vizuri kabisa unanunua teknolojia ya matunda kwa nyota 5, unabaki mtupu. Zamu ya 1 unachuma tunda moja, zamu ya 2 la pili, ndiyo mji unapanda. Mnapoingia zamu ya 3, kama yeye hajatumia kitu ana nyota 13 mkononi, wewe una 4. Kwenye tofauti hiyo ya 9 toa zile 5 ulizonunulia teknolojia, bado amekuacha kwa nyota 4, yaani askari wawili.

Hapo nimekuhesabia ukiwa umecheza vizuri. Wewe umeanza na askari, kisha farasi, kisha mpelelezi. Huna tunda, huna mnyama, huna karakana. Zamu hizo za mwanzo mapato ya mji wako mkuu yanabaki 2 wakati ya mwenzio yako 4. Hiyo zamu ya 10 unayolalamikia ulishaipoteza kwenye zamu ya 2.

Kwa hiyo zamu ya 0 angalia viwanja 8 vinavyozunguka mji mkuu. Ukiona matunda mawili, nunua ya matunda. Ukiona wanyama wawili, nunua uwindaji. Farasi baadaye. Na ngazi ya pili ni karakana, usinibishie.

Babu wa Mlimani

Mama Karakana nakubaliana naye kwa kila kitu isipokuwa hilo la "usinibishie". Kwenye ramani kubwa ya viwanja 400 mpelelezi ana kazi yake, hasa kama mji mkuu umekwama pembeni na baharini. Kwenye ramani ndogo sawa, karakana.

Ila mleta mada ana kitu mkononi hakitumii. Xin-xi anaanza na upandaji milima, maana yake askari wako anapanda mlima tangu zamu ya kwanza, na akiwa kule juu anafungua mawingu mengi kuliko akiwa chini. Huyo ndiye mpelelezi wako wa bure! Mwenzio asiye na hiyo teknolojia hawezi hata kukanyaga mlima.

Na farasi hao wanaokusumbua dawa yao iko hapohapo. Mpanda farasi anatembea viwanja viwili, lakini akiingia kiwanja kinachogusana na adui mwendo unakatika. Weka askari juu ya mlima kwenye njia ya kuja kwako. Mlimani ulinzi wake unazidishwa mara moja na nusu, na farasi wenyewe ulinzi wao ni 1 tu, ukimrudishia pigo anaumia. Watu wengi wanajikusanya ndani ya mji kusubiri kuzingirwa. Toka nje, kaa kwenye kona ya njia.

Chuma Ulete

Na kuhusu bei ya teknolojia, kuna janja moja. Teknolojia ya ngazi ya kwanza ukiwa na mji mmoja ni nyota 5, miji miwili 6, mitatu 7. Zile za ngazi ya tatu ndizo zinaumiza, miji mitano unalipa 19. Sasa askari wako akiwa ameshasimama kijijini na zamu hii unakiteka, USIBONYEZE KUTEKA kwanza. Nunua teknolojia unayoitaka kwa bei ya zamani, kisha ndiyo uteke. Zamu ni ileile, bei tofauti.

Mchovu wa Mawingu

Aisee. Hilo la kununua kabla ya kuteka sikuwahi kulisikia popote. Mchezo wenyewe hausemi, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi: mambo ya maana yamefichwa. Lakini Mama Karakana, hujagusa magofu. Bahati siyo mkakati.

Mama Karakana

Magofu nakupa haki yako. Nyota 10 kwenye zamu ya 4 ni mapato ya karakana na mji mkuu kwa zamu mbili na nusu, hakuna ufundi hapo. Mechi moja inaweza kuamuliwa na gofu, na mimi ningependa kuwe na ramani zilizosawazishwa pande zote. Hilo la bei nakukatalia. Bila ile nyongeza anayewahi vijiji vitatu angekuwa mbele kwa nyota na mbele kwa teknolojia, mechi ingeisha zamu ya 6. Kila mji unakuletea angalau nyota moja kwa zamu, kwa hiyo mji wa ziada unajilipa. Usiache kijiji eti kwa ajili ya bei.

Babu wa Mlimani

Kama umewahi kukaa barazani unajua bao, kete za namu, zile unazoingiza moja moja, haziingizwi kwa hasira. Kabla ya kununua kitu jiulize kitakurudishia nyota lini. Halafu usijaze askari: mji wa ngazi ya kwanza unabeba vikosi viwili tu.

Ukishatulia lenga jitu, kikosi kikubwa unachoweza kuchagua mji ukifika ngazi ya tano. Kufika huko mji unahitaji wakazi 14 kwa jumla, lakini ngazi ya nne ukichagua nyongeza ya watu unapewa 3, unatafuta 11. Afya yake ni 40, askari wa kawaida ana 10. Farasi wataondoka wenyewe.

Mchovu wa Mawingu

Nimeelewa. Bei bado nasema ni adhabu, lakini karakana nimenyoosha mikono. Nani ana nafasi tujaribu?

Mama Karakana

Njoo inboksi. Ramani ya viwanja 196, wote Xin-xi ili kusiwe na kisingizio cha kabila. Tufungue mbili kwa pamoja, moja unaanza wewe, nyingine naanza mimi. Na usinikalie saa 24.