Naomba ushauri: kuonja mvinyo mwekundu mchanga ungali pipani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuonja mvinyo ambao haujatiwa kwenye chupa.

Ni mwekundu wa mtindo wa Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, wa aina tatu za zabibu: Cabernet Sauvignon nyingi, Merlot kiasi na Cabernet Franc kidogo. Umo kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, mengine mapya, mengine yamekwisha kutumika, na ndiyo kwanza una miezi sita tangu mavuno. Rangi ni zambarau iliyokolea, harufu ya matunda meusi imejaa tele. Lakini ukiutia mdomoni, ukakasi unabana ufizi na ulimi mpaka ladha nyingine zote zinajificha. Kwenye mapipa mapya, vanila na harufu ya mbao iliyochomwa vinafunika kila kitu.

Najua tanini (viini vya zabibu na mbao vinavyoleta ukakasi huo) hulainika kadiri hewa kidogo inavyopenya kwenye mbao, na kwamba Merlot huwahi kulainika kuliko Cabernet Sauvignon. Kinachonisumbua ni hiki: ukakasi wa uchanga, utakaopungua, na ule wa zabibu zilizovunwa kabla ya kuiva, mnautofautishaje? Mimi hutafuta ladha ya majani mabichi, ila sina hakika kama kipimo hicho peke yake kinatosha.

Jingine, mnaonja pipa mojamoja au mnachanganya sampuli kwanza? Naona pipa moja linaweza kudanganya sana. Na glasi ikae muda gani kabla ya kutoa uamuzi?

Natanguliza shukrani.