Kishikwambi kimebaki giza baada ya BIOS kuvurugwa: kati ya njia nne za kukirudisha, ianze ipi?

Kitufe (mleta mada)

Wakuu, nimekabidhiwa kishikwambi cha Windows chenye prosesa ya Intel Atom ya kizazi cha Bay Trail. Mwenyewe aliingia kwenye BIOS (programu ya msingi inayoamsha kifaa kabla ya Windows) akitaka kubuti kwa flashi, akabadilisha vipengele kadhaa ambavyo sasa havikumbuki, akahifadhi na kutoka. Tangu hapo kioo ni cheusi tii. Hata hivyo taa ya chaji inawaka kama kawaida, na mgongo wake unapata joto muda mfupi baada ya kukiwasha, jambo linalonifanya niamini kwamba bodi haijafa.

Katika kusoma kwangu nimekutana na njia nne: kuchomeka kibodi na kurejesha mipangilio ya kiwandani bila kuona kitu, kuchomoa betri, kutumia flashi yenye faili la BIOS ili kifaa kijirekebishe chenyewe, na kuisoma na kuiandika upya chipu ya BIOS kwa kifaa cha nje. Naomba mnilinganishie njia hizi, hasa kwa upande wa hatari, kwa kuwa ndani yake mna nyaraka ambazo mwenyewe anazihitaji.

MkonoMwepesi

Ndugu Kitufe, njia hizo huwezi kuzipanga kwa ubora kabla ya kujua kilichofungwa ni nini, kwa sababu kila moja inategemea kitu ambacho mipangilio mibaya haikukigusa. Mara nyingi kinachokufa ni kimojawapo kati ya vitatu: kioo, USB, au mwanzo wenyewe wa mashine kuamka.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Tafuta kibodi ya USB yenye waya na uichomeke kupitia adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye tundu dogo la kishikwambi). Ya Bluetooth haifai, maana BIOS za vifaa hivi haziitambui. Washa kishikwambi, subiri kidogo, kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kufuata kidole chako, basi kibodi inasikika na kilichozimwa huenda ni kioo peke yake. Kama kifaa kina tundu la HDMI, chomeka skrini ya nje kabla ya kuwasha, kwani mara nyingine picha hutokea huko wakati kioo cha ndani kimenyimwa.

Taa ikiitika, zima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa muda usiopungua sekunde 20, washa tena huku ukigongagonga Esc au Delete kulingana na mtengenezaji, mpe nafasi ya kufika kwenye menyu, kisha bonyeza F3, Enter, F4, Enter. Huo ndio mfuatano wa BIOS nyingi za AMI Aptio (aina ya BIOS inayotengenezwa na kampuni ya AMI): F3 hurudisha mipangilio ya kiwandani na F4 huhifadhi na kutoka. Nyingine hutumia F9 na F10 kwa kazi hizo hizo. Jaribu seti moja, zima, ndipo ujaribu ya pili. Mishale usiiguse kabisa, kwa sababu ukiwa gizani unaweza kubadilisha kipengele kingine na kukihifadhi juu ya kosa lililopo. Njia hii haifungui kifaa wala haigusi nyaraka, ndiyo maana naiweka mbele.

Bisibisi

Nakubaliana na mpangilio huo, lakini kuhusu betri naona watu wengi wanabeba mazoea ya kompyuta za mezani na kuyaleta kwenye vishikwambi. Kwenye bodi za zamani, mipangilio ilikaa katika kumbukumbu ndogo ya CMOS iliyolishwa na betri ya kidonge, hivyo ukiitoa betri kila kitu kilisahaulika. Katika vifaa vya UEFI (aina mpya ya BIOS) kama hiki, sehemu kubwa ya mipangilio huandikwa ndani ya chipu ile ile inayobeba BIOS, na chipu hiyo haisahau hata ikikaa bila umeme mwaka mzima.

Pamoja na hayo, siitupi njia hii. Zipo BIOS ambazo zikiamka na kukuta saa ya ndani ilikatikiwa umeme, huamua zenyewe kupakia mipangilio ya kiwandani. Vishikwambi vingi havina betri ya kidonge, saa yake hulishwa na betri kuu. Kwa hiyo unachomoa chaja, unafungua mgongo, unatoa kiunganishi cha betri, unashikilia kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, unaacha kwa muda, ndipo unarudisha. Kama mtengenezaji aliweka ukaguzi huo, umepona. Kama hakuweka, utakuwa umefungua kifaa bure.

Hatari yake kubwa iko kwenye ufunguaji wenyewe. Tumia kipande cha plastiki, usitumie chuma, na usiichokonoe betri iliyogandishwa kwa gundi. Kutoa kiunganishi chake kunatosha. Betri hizo ni laini, na ikitobolewa inaweza kushika moto.

Nyaya_Nane

Ngoja nilete maoni yasiyopendwa. Kama una kifaa cha kusomea chipu na mkono uliotulia, njia ya nne si ya mwisho kama inavyotajwa kila mara, kwa sababu ndiyo pekee inayokupa nakala ya hali iliyopo kabla hujabadilisha kitu. Nyingine zote ni kubahatisha, hata zikiwa bahati nzuri.

Nianze na ile ya flashi, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kupita uwezo wake. Urejeshaji wa namna hiyo kwa kawaida huamka pale BIOS inapojikagua na kukuta yenyewe imeharibika, ndipo inapotafuta faili lenye jina maalumu lililowekwa na mtengenezaji. Hapa BIOS haijaharibika hata kidogo. Inatii tu maagizo mabaya iliyopewa. Haina sababu ya kutafuta faili lolote. Isitoshe, kama USB ndiyo iliyozimwa, flashi haitaonekana. Mimi ningeiacha.

Sasa chipu. Itafute kwenye bodi: ni ndogo, ina miguu minane, na nukta upande mmoja kuonyesha mguu wa kwanza. Soma maandishi yake kwa lenzi kabla ya kushika kitu kingine. Mfano mzuri ni Winbond: W25Q64FV hutumia volti 3.3, lakini W25Q64FW hutumia volti 1.8, na zote zina ukubwa wa megabaiti 8. Tofauti ni herufi moja ya mwisho. Vishikwambi vya Bay Trail mara nyingi hubeba zile za volti 1.8, na ukiiunganisha CH341A (kifaa cha nje cha kusoma na kuandika chipu) moja kwa moja bila adapta ya kushusha volti, unaweza kuiua chipu na hata prosesa iliyo nyuma yake. Chomoa betri na chaja kwanza, bana klipu yenye nyaya kwenye miguu ya chipu, kisha soma kwa programu ya flashrom angalau mara mbili na ulinganishe mafaili. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, klipu haijakaa sawa na hutakiwi kuandika chochote.

Kosa linalowaponza wengi ni kupakua BIOS ya kifaa kinachofanana na kuiandika nzima. Ndani ya chipu hiyo mnaweza kuwa na namba ya kifaa chako na ufunguo wa leseni ya Windows, ambao tangu Windows 8 watengenezaji huuweka humo. Ukiandika ya mwingine, vyote vinapotea, na kioo pia kinaweza kukataa kama toleo la bodi si lile lile. Njia salama ni kufungua faili lako mwenyewe kwa UEFITool (programu ya kuhariri mafaili ya BIOS), kubadilisha sehemu ya NVRAM (inayotunza mipangilio) tu kwa ile safi ya toleo lako, kisha kurudisha. BIOS ikikuta sehemu hiyo haina mipangilio iliyohifadhiwa, kwa kawaida hujitengenezea upya ile ya kiwandani.

MkonoMwepesi

Nyaya_Nane, hoja ya nakala naikubali kabisa, lakini unamshauri mtu abane klipu kwenye kifaa cha mwenzake kabla hata ya kujua kama Caps Lock inawaka. Kwa fundi mwenye vifaa vyote mezani, sawa. Kwa wengine, dakika chache za kibodi hazimzuii mtu kufika kwenye chipu baadaye.

Jambo moja hamjaligusa, na Kitufe amesema kuna nyaraka. Vifaa vya aina hii mara nyingi huwa na diski iliyofungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba diski) bila mwenyewe kujua, na kurudisha mipangilio ya kiwandani kunaweza kuifanya Windows iombe ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Aingie kwanza kwenye akaunti yake ya Microsoft kupitia kifaa kingine na kuangalia kama ufunguo upo. Hili linahusu njia zote nne, kwa hiyo lifanyike kabla ya kuchagua.

Kitufe (mleta mada)

Ahsanteni sana. Ufunguo tumeukuta kwenye akaunti yake. Caps Lock iliitika. F9 na F10 hazikuzaa kitu, nikazima, nikaenda na F3 na F4, nembo ya mtengenezaji ikatokea. Windows haikuanza, ila BIOS sasa inaonekana vizuri.

Bisibisi

Usiwe na hofu, angalia kipengele cha kuchagua mfumo endeshi. Baadhi ya vishikwambi hivi viliundwa kubeba Windows na Android, na mipangilio inayoitwa ya kiwandani ndani ya menyu si lazima iwe ile kifaa kilichotoka nayo dukani. Hakikisha imechaguliwa Windows, hifadhi, kisha kagua kama mguso wa kioo na chaji vinafanya kazi.

Kitufe (mleta mada)

Ilikuwa imekaa kwenye Android. Nimebadilisha, Windows ikaomba zile tarakimu 48, nikaziingiza, nyaraka zote zipo. Je, nimwekee neno la siri la BIOS asirudie?

Nyaya_Nane

Unaweza, mradi liandikwe mahali ambapo mwenyewe atalipata. Kwenye vifaa hivi neno hilo nalo kwa kawaida hukaa ndani ya chipu, kwa hiyo likisahaulika, kuchomoa betri hakutasaidia na utaishia kubana klipu.