Draya inavuma tu, pipa halizunguki: ni mota kweli?

MamaPacha_Kasarani (Jumamosi, saa tatu usiku)

Hamjambo wanajamvi. Nina draya (mashine ya kukaushia nguo) ya kilo 7, ile isiyo na bomba la kutoa hewa nje. Maji yanakusanyika kwenye tangi dogo la juu na unayamwaga mwenyewe. Nilimnunulia jirani aliyekuwa anahama, miaka miwili sasa, shilingi 18,000, na haijawahi kunisumbua.

Nakaa ghorofa ya nne na kamba za nguo ziko juu kwenye paa. Julai ya Nairobi mnaijua: asubuhi mawingu, mchana mawingu, jioni manyunyu. Sweta ya shule nikiianika Ijumaa, Jumatatu kwapani bado kuna unyevu. Nina pacha wa gredi ya pili na mmoja ana pumu, kwa hivyo nguo mbichi kutundikwa ndani ya nyumba sitaki kabisa. Kwangu hii mashine si anasa.

Alhamisi usiku ilikuwa inafanya kazi vizuri. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, yote ndani ya dakika kumi hivi. Ilipotulia nikaiwasha. Taa zinawaka, dakika zinaonekana, nabonyeza kitufe cha kuanza, nasikia "nguuuuu" kutoka chini upande wa kulia. Pipa halisongi hata kidogo. Baada ya sekunde kumi hivi, kimya. Nikingoja nusu saa nikajaribu tena ni vilevile.

Nimetoa nguo zote, nimesafisha chujio la mlangoni, nimebadilisha soketi. Hakuna tofauti.

Fundi aliyekuja leo aliisikiliza tu. Hakufungua hata skrubu moja. Akasema mota imeungua, nyingine ni 14,000 na kazi yake 3,000. Nikipiga hesabu nakuwa nimenunua mashine mara ya pili. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: kuna njia ya kujua kwa hakika kwamba ni mota kabla sijatoa hizo pesa?

BabaZawadi (Jumamosi, saa tatu na nusu usiku)

Pole sana dada. Mimi nasema ni belti. Yangu ilifanya hivyo mwaka jana, taa zinawaka na pipa limesimama. Belti ni ndefu, inazunguka pipa lote kisha inapita kwenye kapi dogo la mota. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa 1930 H7: mzunguko wake milimita 1,930 na mifereji saba. Soma namba ya yako ununue hiyo hiyo, usikubali "inakaribiana".

FundiStima_Umoja (Jumamosi, saa nne usiku)

Mama Pacha, kwanza usiibonyeze tena. Kila ukijaribu, mota inapata moto bila kuzunguka. Huo ukimya wa baada ya sekunde kumi, kwa kawaida ni kinga ya joto iliyo ndani ya mota inakata stima isiungue. Ikipoa inaruhusu tena. Ukirudia mara nyingi utaiua mota ambayo pengine ni nzima.

Nimetengeneza mashine za nguo miaka kumi na saba, na mota ndicho kitu ninachobadilisha mara chache zaidi. Mtu akikuambia mota imekufa na hajafungua kifuniko wala kutoa mita, huyo hajapima, amekisia, na kukisia kwake kunalipwa na wewe. Jambo hili linaniuma kwa sababu wateja wakishaumizwa hivyo wanatuogopa sote.

Baba Zawadi hajakosea kuitaja belti, lakini belti ina dalili zake. Chomoa plagi ukutani, fungua mlango, zungusha pipa kwa mkono polepole. Likienda jepesi kabisa, kama gurudumu la baiskeli lililovuliwa mnyororo, belti imekatika au imetoka kwenye kapi. Likiwa na uzito kidogo ambao ni sawa mzunguko mzima, belti ipo. Likikwama mahali pamoja, kuna kitu kimenasa kati ya pipa na bodi. Mimi nimewahi kutoa waya wa sidiria, sarafu na vibanio. Tena belti ikikatika, katika mashine nyingi mota yenyewe inaendelea kuzunguka na unasikia upepo wa feni. Nyingine zina swichi ndogo inayozima kila kitu belti ikilegea, na hapo husikii chochote. Wewe unasikia mvumo bila upepo. Si hivyo?

Nijibu hilo la pipa, halafu tuendelee.

MamaPacha_Kasarani (Jumamosi, saa nne na robo usiku)

Nimezungusha sasa hivi. Lina uzito kidogo, sawa kotekote, halikwami. Na ni kweli, upepo hakuna. Ni mvumo mtupu.

FundiStima_Umoja (Jumamosi, saa tano kasoro usiku)

Basi belti ipo. Ninashuku kapasita.

Mota ya namna hii ina koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya. Koili moja peke yake inavuta na kusukuma palepale, kwa hivyo mota inatetemeka na kuvuma bila kujua izunguke upande gani. Kapasita ndiyo inayofanya stima ya koili ya pili ifike kwa wakati tofauti na ya kwanza, na hiyo tofauti ndiyo inayoanzisha mzunguko. Kapasita ikichoka, nguvu ya kuanzia inapotea hata kama mota haina doa. Hupoteza nguvu polepole kwa umri na joto. Kupotea na kurudi kwa stima Alhamisi pengine kulimalizia tu kitu kilichokuwa ukingoni.

Kesho fanya jaribio moja, mara moja tu, pipa likiwa tupu. Chomeka plagi. Mlango ukiwa wazi, lisukume pipa kwa nguvu upande linaozungukia siku zote, funga mlango upesi na ubonyeze kuanza kabla halijasimama. Likishika na kuendelea lenyewe, mota yako iko hai.

Ikiwa hivyo, tafuta mtu mwenye mita inayopima maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita), na usifungue mwenyewe kama hujazoea stima. Kapasita inaweza kuwa na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Itolewe chaji kwa kuigusisha miguu yake kwenye balbu ya zamani, ile ya waya unaong'aa ndani, kwa sekunde chache, si kwa bisibisi. Pigeni picha waya kabla ya kuzichomoa. Juu yake imeandikwa kiasi, tuseme 8 na kosa la asilimia 5. Hiyo nzima inapaswa kusoma kati ya 7.6 na 8.4. Ukinunua nyingine, maikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Mwambie muuzaji unataka kapasita ya mota ya kufanya kazi muda wote, si ile ya kuanzisha tu. Luthuli Avenue huwezi kukosa. Nenda na ya zamani mkononi.

Shosho_Dagoretti (Jumapili, saa moja asubuhi)

Mwanangu, wakati mnangojea mashine, watoto wasiende shule na sweta mbichi. Ikishatoka kufuliwa irudishe kwenye mashine ya kufulia uizungushe kavu mara ya pili, bila maji. Kisha itandaze juu ya taulo kavu, ikunje pamoja kama mkeka, ikanyage kwa miguu. Taulo itanyonya maji mengi kuliko unavyodhani. Halafu ianike imelala, usiining'inize, mikono itarefuka. Huyo wa pumu mfunike kifua jioni.

AmerudiNyumbani (Jumapili, saa nne asubuhi)

Naongeza jambo moja kwa wengine watakaosoma. Kama draya yako ilitoka Marekani, usiichomeke hapa kwetu kabla ya kuuliza. Kule draya kubwa hulishwa volti 240 kwa njia mbili za 120, mota inatumia 120, na stima yao ni hezi 60. Yetu ni 240 kwa njia moja, hezi 50. Nilisafirisha yangu kwa kontena na mpaka leo imekaa stoo. Ya Uingereza haina shida hiyo. Dada, yako plagi yake ni ipi?

MamaPacha_Kasarani (Jumapili, saa nne na nusu asubuhi)

Ni ya pini tatu kama za hapa, na nyuma imeandikwa volti 240, hezi 50. Asante kwa kuuliza. Shosho, nimefanya ya taulo, sweta moja tayari inavaliwa. Mungu akubariki.

Fundi, nimefanya lile jaribio. LIMEZUNGUKA. Nililiacha dakika moja nikazima.

MamaPacha_Kasarani (Jumanne, saa mbili usiku)

Narudi kutoa ripoti kama nilivyoahidi moyoni.

Kaka yangu anafunga stima kwenye majengo, alikuja jana na mita yake. Tulichomoa plagi, tukafungua ubavu, tukatoa chaji kwa balbu. Kapasita imeandikwa 8. Mita ilisoma 3.1. Tumepima mara tatu, ni 3.1. Leo mchana nimeenda Luthuli na ile ya zamani kwenye mkoba. Duka la kwanza walitaka kunipa ya 10 wakasema ni sawa tu. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimesoma hapa. Duka la tatu nikapata ya 8, volti 450, shilingi 400.

Tulipofungua tulikuta nyuzinyuzi za nguo zimejaa kwenye mota na feni, nene kama blanketi la mtoto. Kaka alisema joto lote lilikuwa linabaki humo ndani, na kitu hicho kinaweza kushika moto. Mimi miaka miwili nasafisha chujio la mlangoni peke yake, sikujua kwamba kondensa ya chini, ile inayogeuza mvuke kuwa maji, inavutwa nje na kuoshwa bombani. Tumeiosha, maji yalitoka ya kijivu. Belti tumeiangalia pia, haijapasuka.

Yule fundi wa kwanza alinipigia saa kumi kuuliza kama nimepata hela ya mota. Nimemwambia ilikuwa kapasita na nikamtajia ile 3.1. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mita ya kupima hivyo inauzwa wapi. Nimemwelekeza.

Sweta mbili na soksi za wiki nzima ziko ndani sasa hivi. Zimebaki dakika 22.

FundiStima_Umoja (Jumanne, saa mbili na nusu usiku)

Safi sana, mama. Hiyo kondensa ioshe kila mwezi msimu huu wa baridi, na iache ikauke kabla ya kuirudisha. Na huyo fundi akikosa mita, mwambie aniandikie hapa.