FSS ya bendi pana: FR-4 tabaka moja au Rogers matabaka mawili?

Kijana_wa_Antena: Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza paneli ya FSS (uso unaopitisha mawimbi ya masafa fulani na kuzuia mengine) ya bendi pana wiki hii kabla bajeti ya mradi haijafungwa. Nina michoro miwili: fremu za mraba kwenye FR-4 (ubao wa kawaida wa saketi), tabaka moja, na ya matabaka mawili kwenye RO4003C (ubao wa Rogers wenye upotevu mdogo), ambayo bei yake ni mara kadhaa. Mnanishauri ipi?

Bi_Mawimbi: Mdogo wangu, hujasema inapitisha au inazuia. Masafa gani? Wimbi linaingia kwa pembe gani?

Kijana_wa_Antena: Inazuia, dada. Bendi nzima ya X, 8 hadi 12 GHz. Pembe hadi digrii 45, polarizesheni (mielekeo ya uga wa umeme) zote mbili.

Mzee_wa_Rada: Basi usipeleke hela Rogers. Kweli FR-4 ina kipimo cha upotevu cha karibu 0.02 na RO4003C ni 0.0027, ila hilo linauma zaidi kwenye FSS ya kupitisha, maana kila desibeli inayoliwa na ubao inatoka kwenye ishara yako. Ya kuzuia itapungua kina kidogo tu. Fanya shaba ya fremu iwe pana na nafasi kati ya fremu ziwe finyu: indaktansi inashuka, kapasitansi inapanda, bendi inatanuka.

Pima_Kwanza: Hizo nafasi finyu ndizo zilizoniliza, mzee wangu. Niliagiza paneli ya nafasi za 0.2 mm. Ilipofika, kwa macho ilikuwa safi kabisa. Kwenye vipimo, 8 GHz inapita bila wasiwasi. Wenzangu wote wakasema uigaji wangu mbovu. Nikaiweka chini ya hadubini: nafasi zinakaribia 0.3 na kingo za shaba zimeliwa kama karatasi iliyopitiwa na panya. Asidi ilizidi, kapasitansi ikashuka, bendi nzima ikahamia juu. Nilipoingiza 0.3 kwenye CST (programu ya uigaji), mkunjo wa uigaji na wa vipimo ikalaliana. Kiwanda kikanijibu eti iko ndani ya kiwango wanachoruhusu, na hela haikurudi. Kiulize kiwanda kwanza wanaweza nafasi ndogo kiasi gani, ndipo uchore.

Fundi_Bandari: CST kwenye pembe inadanganya. Tumia HFSS, programu nyingine ya uigaji, ina bandari za Floquet (za kuiga seli moja inayojirudia bila mwisho).

Bi_Mawimbi: Zote mbili zinazo, kaka. Pembe ni suala la fizikia: kwa FSS ya kuzuia, wimbi likilala, polarizesheni ya TE (uga wa umeme sambamba na paneli) inatanua bendi na ya TM (uga wa sumaku sambamba na paneli) inaibana. Anza kuikagua TM kwa digrii 45. Seli nayo, yaani kipande kimoja kinachojirudia, isifike 12.5 mm, nusu ya wimbi kwa 12 GHz, usije ukapata miale ya pembeni. Mimi ningechukua matabaka mawili, yote FR-4, yakiachana 7.5 mm kwa povu, robo ya wimbi kwa 10 GHz.

Mzee_wa_Rada: Mambo haya ya zamani, jamani. Vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa 1977 vina kiakisi kidogo cha FSS: kinarudisha bendi ya X, kinapitisha S. CST haikuwepo!

Fundi_Bandari: Mzee, zile ni bendi mbili zilizoachana mbali, siyo bendi moja pana.

Kijana_wa_Antena: Asanteni sana. Nilisahau: nafasi ya kuweka paneli ni 5 mm tu.

Bi_Mawimbi: Mm 5! Basi povu langu halina nafasi. Chapa pande zote mbili za ubao mmoja, fremu za ukubwa tofauti, tuone mkunjo.

Pima_Kwanza: Na paneli yenyewe ina upana gani? Ikiwa ndogo, mawimbi yatazunguka kingo na kuharibu vipimo.

Kijana_wa_Antena: Sentimita 20 kwa 20.

Pima_Kwanza: Ndogo hiyo. Antena za honi unazo za aina gani?