Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kupiga hesabu za biashara kwa lahajedwali?

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaomba kila aliyejifunza hesabu za fedha na uchambuzi wa biashara kwa lahajedwali, iwe Excel au nyingine, atusimulie alivyojifunza na ni hesabu ipi iliyomfungua macho. Ninaanza na yangu.

Ninatunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Darasa la kompyuta lilinifundisha kujumlisha, kupanga majedwali na kuchora grafu, lakini fomula za fedha nilizielewa siku mwenye duka alipopewa masharti ya mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18, rejesho shilingi 590,000 kila mwezi. Nilipoandika =PMT(18%/12,12,-6000000), yaani fomula ya kutafuta rejesho la kila mwezi, nikapata takribani 550,080. Tofauti hiyo ya karibu shilingi 40,000 kwa mwezi ilinikalisha na kalamu na karatasi hadi nilipoona inakotoka: riba isiyopungua hutozwa juu ya mkopo mzima mpaka mwezi wa mwisho, hata kama sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa, ilhali riba inayopungua hutozwa juu ya salio lililobaki tu. Kisha nikaandika =RATE(12,-590000,6000000), fomula ya kutafuta riba ya kila kipindi, nikapata takribani asilimia 2.64 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni karibu asilimia 31.7 kwa kipimo cha riba inayopungua. (Angalieni alama ya kutoa, kwa sababu ndiyo inayotenganisha fedha inayoingia na inayotoka.) Masharti yote yalikuwa yameandikwa waziwazi kwenye mkataba, kilichohitajika ni mtu wa kuyapigia hesabu. Ndiyo maana ninaamini kwa dhati kwamba fomula ya fedha haifai kufundishwa peke yake, bila swali la kweli ambalo mwanafunzi anataka kulijibu.

Mchangiaji wa Kariakoo

Ahsante sana, ndugu, kwa mada hii. Mimi ninauza vitenge na mashuka kwa jumla, Mtaa wa Kongo, na aliyenifundisha ni binti yangu, ambaye alianza kwa kunikataza kuandika mauzo ya siku nzima kama jumla moja. Kila uuzaji ulipata mstari wake: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununulia, bei ya kuuzia. Kazi hiyo inachosha, lakini bila mistari hiyo pivoti (jedwali linalofupisha mistari mingi kwa makundi) haina cha kuchambua, na kwa maoni yangu nusu ya uchambuzi wa biashara iko hapo kwenye uandishi, kabla ya fomula yoyote.

Jambo lililonishangaza ni wastani. Kwa bei ya kuuzia, vitenge vilikuwa vikinipa faida ya asilimia 20 na mashuka asilimia 40, na mtu yeyote angesema wastani wangu ni asilimia 30. Sasa chukulieni mwezi ambao vitenge vimeuzwa kwa shilingi 9,000,000 na mashuka kwa 1,000,000: faida ni 1,800,000 na 400,000, jumla 2,200,000 katika mauzo ya 10,000,000, yaani asilimia 22. Fomula ya AVERAGE haijui kwamba bidhaa moja imeuzwa mara tisa ya nyingine. Siku hizi ninajumlisha faida kwanza, ninajumlisha mauzo, ndipo ninagawanya.

Mchangiaji wa Mbagala

Nyongeza fupi kwa wanaopakua taarifa za miamala ya simu: mara nyingi kiasi cha fedha huingia kwenye jedwali kama maandishi, kikaegemea kushoto mwa kisanduku, na SUM ikajibu sifuri bila kuonyesha kosa lolote. Fomula ya VALUE hukigeuza kuwa namba. Kagueni na tarehe pia, kwa kuwa 03/04 inaweza kusomeka Aprili 3 au Machi 4 kulingana na mpangilio wa kompyuta.

Mchangiaji wa Sinza

Mimi nilisoma NPV (hesabu ya thamani ya leo ya fedha zitakazoingia baadaye) chuoni na kuifaulu kwenye mtihani, lakini niliielewa baba mdogo alipotaka kununua bajaji. Tulikadiria gharama ya shilingi 10,000,000 na mapato halisi ya 4,500,000 kila mwaka kwa miaka 3, baada ya mafuta, matengenezo na dereva. Gharama inayolipwa leo hukaa nje ya mabano, kwa kuwa NPV huihesabu namba ya kwanza kama fedha ya mwisho wa kipindi cha kwanza; kwa hiyo tuliandika =NPV(15%,B3:B5)+B2, ambapo B2 ni -10000000, B3 hadi B5 ni mapato ya kila mwaka, na 15% ni kiwango cha kupunguza thamani ya fedha za baadaye kwa mwaka. Jibu lilikuwa faida ya takribani 274,500. Tulipoweka asilimia 20, mradi uleule ukaonyesha hasara ya karibu 520,800.

Baba mdogo akauliza asilimia ipi ndiyo ya kweli, na hilo ndilo swali ambalo lahajedwali haliwezi kukujibia. Kama fedha ni ya mkopo, kiwango kisiwe chini ya riba halisi ya mkopo huo, ile ambayo mwanzisha mada ameitafuta kwa RATE. Kama ni akiba yako, angalia ingekuzalishia nini kwingine kwenye hatari inayofanana. Tuliweka asilimia hiyo kwenye kisanduku chake peke yake, ili aibadilishe mwenyewe na kuona mradi unageukia wapi. Ulikuwa ukigeuka kati ya asilimia 16 na 17, na mkopo aliokuwa ameahidiwa ulikuwa juu ya hapo, kwa hiyo aliamua kuendelea kuweka akiba kwanza.