Ulinganisho: WRF ya Mtwara na Lindi, tuiendeshe kwenye kompyuta za maabara, seva moja kubwa, au wingu la kukodi?

Mwalimu_Shangani
Wakuu, heshima kwenu. Tuko chuoni hapa Mtwara mjini na tunataka kuendesha modeli ya WRF, programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, kila siku, kwa ajili ya wanafunzi na kwa wakulima na wavuvi tunaofanya nao kazi. Tahadhari kwa umma ni kazi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hilo halina mjadala. Tunachotafuta ni undani wa eneo dogo. GFS, modeli ya dunia nzima ya Marekani ambayo WRF yetu itaanzia kwenye data zake, hutoa data kwa gridi ya digrii 0.25, yaani karibu kilomita 28, na kwa gridi hiyo ukingo wa uwanda wa Makonde unaopanda kwenda Newala haupo kabisa.

Mpango ni gridi ya kilomita 3, nukta 300 kwa 300, tabaka 40, katikati yake Lindi. Kaskazini inafika Dar, kusini inavuka Ruvuma mpaka chini ya Pemba ya Msumbiji, mashariki inaigusa Ngazija. Itazungukwa na gridi ya kilomita 9. Kwa kanuni ya sekunde 6 za hatua ya muda kwa kila kilomita ya gridi, hatua yetu ni sekunde 18, hivyo siku moja ya utabiri ni hatua 4,800.

Tuna njia tatu mezani. Ya kwanza, kompyuta 16 za maabara, kila moja kore 4 (vitengo vya hesabu ndani ya prosesa), zilizounganishwa kwa swichi ya gigabiti. Ya pili, seva moja ya mtumba yenye prosesa mbili za kore 32. Ya tatu, kukodi kwenye wingu. Mbili za kwanza zina kore 64 zilezile, lakini kwenye seva haziongei kupitia kebo.

Nataka matokeo yawe tayari saa 11 alfajiri. GFS ya 18 UTC (saa za kimataifa) ni saa 3 usiku kwetu, na data zake huanza kupatikana kama saa 6 na nusu usiku. Tuna saa nne na ushee. Mimi naegemea seva, nipingeni.

kebo_na_swichi
Mwalimu, nakupinga kidogo, maana watu wengi huitupa klasta ya maabara kwa sababu isiyo sahihi.

WRF hukata ramani vipande, kila kipande na mchakato wake, na kwenye kila hatua vipande hupeana nukta za ukingoni. Endesha mchakato mmoja kwa kila kompyuta, ndani yake nyuzi 4, moja kwa kila kore, yaani lile chaguo la `dm+sm` wakati wa kukompaili (kuijenga programu). Unapata vipande 16 vya nukta 75 kwa 75. Ukingo wa nukta 3 kwa pande zote nne, tabaka 40, baiti 4 kwa kila namba: kilobaiti 144 kwa uga mmoja (mfano joto au upepo). Gigabiti ni megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo ni milisekunde moja na kidogo. Tuseme kila hatua inabadilishana nyuga 100. Kwa hatua 4,800 ni kama dakika 9. Weka na ucheleweshaji wa kila ujumbe, na jumbe ni nyingi, lakini bado haiui kazi.

Tena kuna upande ambao maabara inaishinda seva. WRF ina njaa ya ramu kuliko ya hesabu. Prosesa hukaa ikisubiri namba zifike. Kompyuta ya mezani kwa kawaida ina njia mbili za ramu, mara 16 ni njia 32. Seva ya prosesa za EPYC za AMD, kizazi cha ramu ya DDR4, ina njia nane kwa kila prosesa, jumla 16. Ukinunua seva, jaza nafasi ZOTE za ramu. Muuzaji akikuletea vijiti viwili vikubwa kwa kila prosesa, mrudishie, umenunua kore zitakazokaa bure.

Kinachoiua maabara ni kwamba kompyuta 16 zinakuwa kitu kimoja. Ya polepole kuliko zote ndiyo inayopanga mwendo, na moja ikizimika kazi nzima inaanguka. Umeme ukikatika upande mmoja wa jengo, usiku wote umepotea. Seva moja unaiwekea UPS moja (betri ya akiba).

Bi_Mkorosho (Newala)
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Hayo ya kore sina utaalamu nayo, ila mwalimu ametaja wakulima, naomba niseme.

Salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Upepo ukiamka, inapeperuka na hela yako. Sasa mashine ya kupulizia ni ya kukodi na vijana wanapangwa jioni. Taarifa ya saa 11 alfajiri inanikuta nimeshalipa. Nipe saa 12 jioni, hata kama usahihi umepungua kidogo, nitafanya uamuzi. Wakati wa mavuno ndiyo zaidi, korosho ziko juani, nataka kujua leo kama kesho mchana kuna mvua ya kuziharibu.

Nahodha_Mikindani
Sisi wa baharini alfajiri inatufaa. Ila hata jioni si mbaya, kama inaonyesha kusi itaongezeka saa ngapi.

Mwalimu_Shangani
Bi Mkorosho, umebadilisha hesabu yote, ahsante sana. Basi tunatumia GFS ya 06 UTC, ambayo ni saa 3 asubuhi. Data zinaanza kuingia saa 6 na nusu mchana, na mpaka saa 12 jioni tuna saa tano na nusu badala ya nne na ushee. Utabiri wa masaa 36 unafika saa 3 usiku ya kesho yake, kwa hiyo alfajiri ya salfa na safari ya nahodha zote zimo.

Lakini mchana maabara ina wanafunzi. Kebo inaruhusu, ratiba ya vipindi hairuhusi.

wingu_kusini
Mbona wingu mmelipita? Intaneti ya Mtwara ikisumbua mchana, kompyuta ya kukodi inaendelea kuvuta GFS huko huko iliko. Faili moja kamili la GFS ya digrii 0.25 ni kama megabaiti 500; kwa masaa 36, kila masaa 3, ni mafaili 13. Ninyi mtavuta picha za ramani tu. AWS, wingu la Amazon, wana kituo Cape Town tangu 2020. Mnaweza kuchukua hata kore 256.

kebo_na_swichi
Kore 256 kwa gridi hii hazikupi mara nne ya 64. Kila kipande kinabaki nukta 19 kwa 19, yaani 361. Ongeza ukingo wa nukta 3 kila upande, inakuwa 25 kwa 25, yaani 625. Nukta za kuazima kwa jirani zinakaribia zile zako mwenyewe. Vipande visishuke chini ya 25 kwa 25, hapo ndipo pa kusimama. Na zile mashine za bei rahisi za AWS zinaweza kunyang'anywa kwa taarifa ya dakika mbili, kwa hiyo weka `restart_interval` fupi, yaani muda kati ya nakala za kuendelezea kazi ilipokatika.

Kuhusu kuvuta data, si lazima mafaili mazima. NOAA, idara ya Marekani inayotoa GFS, wana huduma ya kukukatia eneo lako na nyuga unazozihitaji tu. Kwa intaneti yetu hiyo inatosha.

Kaskazi_Lindi
Naongeza kitu ambacho hakijaguswa: vimbunga. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe. Aprili 2019 tuliambiwa tujiandae na Kenneth, kikaingia Cabo Delgado tarehe 25, jirani kabisa na sisi. Mei 2024 Hidaya ikaenda upande wa Mafia. Kwa mambo haya mbio moja ya modeli kwa gridi ya kilomita 3, hata iwe nzuri vipi, haikwambii kimbunga kinaweza kupotoka kiasi gani.

Hapo ndipo kompyuta za maabara zina thamani kubwa. GEFS ya Marekani, yaani kundi la mbio za GFS, ina mbio 31 zenye mianzo tofauti kidogo. Chukua 16, kila kompyuta iendeshe ya kwake peke yake kwa gridi ya kilomita 9. Kwa eneo lilelile kazi ni ndogo mara 27, kwa hiyo una nafasi ya kupanua ramani mashariki hadi kaskazini ya Madagaska. Haziongei, swichi haina kazi, na moja ikizimika unabaki na 15. Zifanyeni usiku, vipindi vimekwisha. Matokeo yabaki ya mafunzo, wananchi wasikilize TMA.

wingu_kusini
Hilo nalikubali bila kinyongo. Na zile modeli za akili bandia kama GraphCast? Hutabiri siku kumi kwa dakika moja.

Kaskazi_Lindi
Kwa njia ya kimbunga, zitazameni. Kwa upepo wa Newala, gridi yake ni digrii 0.25 vilevile, mlima wa Bi Mkorosho haumo.

Mwalimu_Shangani
Basi naandika ombi la seva, ramu zikiwa zimejaa, pamoja na UPS, kwa mbio ya mchana. Maabara itakuwa ya GEFS usiku, kuanzia msimu wa mvua. Wingu nitalijaribu kwa mbio za masaa 36 kabla hatujanunua chochote, nione kore 64 zinamaliza saa ngapi. Kebo, kuna kitu kingine cha kupima humo?

kebo_na_swichi
Uandishi wa matokeo. Uga mmoja wa pande tatu kwenye gridi yako ni megabaiti 14, na ziko nyingi kwa kila saa ya utabiri. Kwa mpangilio wa kawaida mchakato mmoja hukusanya zote na kuandika, 63 wengine wakisubiri. Pima mara moja hivyo, kisha tenga michakato miwili ya kuandika tu kwa `nio_tasks_per_group`, upime tena. Kwenye faili la kumbukumbu la WRF, `rsl.out.0000`, kila hatua ina muda wake. Tuwekee hapa mistari ya vipimo vyote viwili.