North Carolina ndani, West Virginia nje: kamati ya NCAA inahesabu nini hasa?

Kikapu_Temeke

Wakuu, naomba tulimalize hili la uteuzi wa timu 68 za NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani, kwa wanaume, maana kila Machi tunarushiana maneno bila hesabu. Mfano wangu ni wa 2025. North Carolina walimaliza 22-13, na kwenye zile mechi ngumu zinazoitwa Q1 walishinda 1, wakafungwa 12. West Virginia walikuwa 19-13, ila Q1 walishinda 6 na kufungwa 10. Waliwapiga Gonzaga na Arizona kule Bahamas, wakaenda kuwafunga Kansas kwao, wakawafunga Iowa State nyumbani. Walioitwa ni North Carolina. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa hicho hicho chuo cha North Carolina!

La pili: Jumapili ile ile ya kutangaza timu, Michigan waliwafunga Wisconsin 59-53 fainali ya Big Ten, moja ya konferensi (ligi za vyuo). Ratiba ikatoka: Wisconsin namba 3, Michigan namba 5 (kanda ni nne, na ndani ya kila kanda timu hupewa namba, 1 ikiwa ya juu). Bingwa yuko chini ya aliyemfunga?

La tatu: mtu akitaka kupanga orodha yake mwenyewe kabla haijatangazwa (kwetu Afrika Mashariki inakuwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu), aanzie wapi?

Karani_wa_Meza

Mkuu, nianze na namna wanavyopiga kura, kwa sababu lawama nyingi hutokana na watu kudhani kuna fomula moja inayotema majina. Haipo.

Kamati ina watu 12, wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa konferensi. Mwaka 2025 mabingwa wa konferensi waliopata tiketi ya moja kwa moja walikuwa 31, hivyo nafasi za kuchagua zikabaki 37. Kila mjumbe anaanza na karatasi yenye safu mbili: safu ya kwanza ni timu anazoona lazima ziingie hata zisipotwaa ubingwa, ya pili ni zinazostahili kujadiliwa. Timu ikipata karibu kura zote za safu ya kwanza inaingia moja kwa moja. Zinazobaki zinakwenda ubaoni.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kila mjumbe anataja timu 8 bora zilizobaki ubaoni. Kura zinajumlishwa, wanapata 8, kisha kila mjumbe anazipanga 1 hadi 8. Zenye jumla ndogo, timu 4, zinaingia. Nne zilizobaki zinasubiri, zinaongezewa wenzao, mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo timu ya mwisho kuingia haijalinganishwa na vigogo kama Duke, imelinganishwa na majirani zake 7. Swali la mjumbe pale ni "kati ya hizi nane yupi bora", basi.

Kuhusu Cunningham: mjumbe anatoka chumbani timu yake ikijadiliwa, na haipigii kura. Aliyeeleza kwenye televisheni kuhusu North Carolina alikuwa makamu wake, Keith Gill, kamishna wa konferensi ya Sun Belt. Gavana wa West Virginia, Patrick Morrisey, aliitisha hadi mkutano na waandishi wa habari kulalamika. Kama wenzake chumbani walimwonea haya mwenyekiti, hilo halipimiki. Utaratibu ulifuatwa, lakini sura yake ilikuwa mbaya, na mtu mwenye busara angeliona hilo mapema.

UmilikiMia

Naongezea upande wa vipimo. Q1 si "timu kubwa", ni mchanganyiko wa nafasi ya mpinzani kwenye NET (orodha rasmi ya NCAA ya ubora wa timu) na mahali mlipochezea:

Nyumbani, mpinzani awe wa 1 hadi 30. Uwanja huru, 1 hadi 50. Ugenini, 1 hadi 75.

Q2 inaendelea hapo: nyumbani 31–75, uwanja huru 51–100, ugenini 76–135. Q3 ni nyumbani 76–160, uwanja huru 101–200, ugenini 136–240. Vilivyobaki vyote ni Q4.

Kosa la kwanza la wanaopanga orodha zao ni kuhesabu nafasi ya mpinzani siku ya mechi. Sivyo. Inahesabiwa nafasi aliyonayo leo. Ukishinda Januari ugenini kwa timu ya 70, halafu timu hiyo ikaporomoka hadi 80 mwezi Machi, ushindi wako umeshuka Q2 bila wewe kugusa mpira. Ndiyo maana siku za mwisho mashabiki wa timu zilizo ukingoni (kati ya kuingia na kuachwa) wanashangilia timu wasizozijua hata jezi.

NET ilianza msimu wa 2018-19 badala ya kipimo cha zamani, RPI. Tangu 2020 ina sehemu mbili tu: thamani ya nani umemfunga na wapi, na ufanisi, yaani pointi unazofunga na kufungwa kwa kila umiliki wa mpira, zikirekebishwa kwa ubora wa mpinzani na uwanja. Sehemu ya ufanisi ndiyo iliyowabeba North Carolina hadi nafasi ya 36, wakati West Virginia walikuwa wa 51. Kufungwa na Kansas 92-89, na Michigan State 94-91 kwa muda wa nyongeza, na Florida 90-84, hakukuumizi sana kwenye ufanisi. Kwenye jedwali la matokeo ni vipigo vitatu vilivyonyooka.

Sasa msije mkasema NET ndiyo iliyochagua. NET ni mizani ya dukani: inakupa uzito, haikwambii ununue nini. Angalieni 2025 hiyo hiyo. Gonzaga walikuwa wa 8 kwenye NET, wakapewa namba 8, maana yake kati ya timu za 29 na 32 za nchi. Memphis walikuwa wa 48 kwenye NET wakapewa namba 5! Memphis walikuwa 29-5 na ushindi wenye uzito, Gonzaga walikuwa wanawasambaratisha wanyonge na kupoteza zile mechi za maana. Kwenye kupanga namba, kamati ilisikiliza matokeo kuliko ufanisi. Na Indiana State mwaka 2024 walikuwa 28-6, ndani ya 30 bora za NET, wakaachwa nje kabisa.

Mlima_Magharibi

Asante kwa somo, lakini umenipa fimbo. Kama kamati inasikiliza matokeo kuliko ufanisi, North Carolina walipitia mlango gani?

Tupige hesabu ya WAB, kipimo kilichoongezwa rasmi kwenye karatasi za takwimu za timu za wanaume ambazo kamati huzitazama, msimu wa 2024-25. Wazo lake ni rahisi. Kwa kila mechi unauliza: timu ya kawaida ya ukingoni ingekuwa na nafasi gani ya kushinda hapa? Ikiwa ni asilimia 20, ukishinda unapata 0.80, ukifungwa unakatwa 0.20 tu. Ikiwa ni mechi ya nyumbani na kibonde, asilimia 98, ukishinda unapata 0.02, ukifungwa unakatwa 0.98.

Nakadiria kwa mkono, msichukue kama namba rasmi. Tuseme Q1 timu ya ukingoni hushinda robo ya mechi, na nje ya Q1 hushinda asilimia 85. North Carolina, mechi 13 za Q1: walitarajiwa 3.25, wakapata 1. Hasi 2.25. Nje ya Q1 ni 21-1: walitarajiwa 18.7, wakapata 21. Chanya 2.3. Jumla ni sifuri na ushei. West Virginia, Q1 mechi 16: walitarajiwa 4, wakapata 6. Chanya 2. Nje ya Q1 ni 13-3: walitarajiwa 13.6, hasi 0.6. Jumla chanya 1.4.

Mmempa nafasi mtu kwa sababu alichagua wapinzani wakubwa wa kumfunga.

UmilikiMia

Makadirio yako yana tobo moja: umeipa kila Q1 uzito sawa. Kati ya vipigo 12 vya North Carolina, vitatu ni Duke peke yake, kisha Auburn, Florida, Alabama, Michigan State. Duke, Auburn na Florida wote walimaliza na namba 1. Timu ya ukingoni haishindi robo ya mechi hizo. Weka asilimia 18: walitarajiwa 2.34, hasi inakuwa 1.34, na jumla yao inapanda hadi karibu 1.

Halafu West Virginia walifunga msimu kwa kupigwa na Colorado 67-60 kwenye mashindano ya Big 12, timu iliyoburuza mkia wa konferensi. Ukiwa ukingoni huo ndio mchezo usioruhusiwa kupoteza. North Carolina nje ya Q1 walipoteza mmoja tu, Stanford nyumbani kwa pointi 1.

Mlima_Magharibi

Hata kwa asilimia 18 bado 1.4 iko juu ya 1. Umenisaidia mwenyewe. Na sikutaja kwamba West Virginia walicheza karibu msimu mzima bila Tucker DeVries, aliyeumia baada ya mechi 8. Wamewafunga Kansas bila yeye.

Najua mtaniambia North Carolina waliwapiga San Diego State 95-68 kwenye mechi za awali kule Dayton. Timu ikishaingia inaweza kufanya lolote. Matokeo ya baadaye si ushahidi kwamba uteuzi ulikuwa sahihi.

Karani_wa_Meza

Hapo nakuunga mkono, na hoja hiyo ikatwe pande zote mbili. VCU 2011 na UCLA 2021 walitokea mechi za awali wakafika nusu fainali. Hakuna aliyejua hilo Jumapili ya uteuzi. Kwangu mimi West Virginia walistahili. Ila pengo lilikuwa dogo kuliko kelele.

Fundi_Mchoro

Mmesahau swali la pili na la tatu.

Michigan na Wisconsin kwanza. Kupanga namba kunafanyika kwa mtindo ule ule wa nane-nne, timu 1 hadi 68, kazi inaanza siku kadhaa kabla ya Jumapili. Fainali ya Big Ten huchezwa alasiri ya siku ya kutangaza, mchoro (ratiba ya nani anakutana na nani) ukiwa karibu umekamilika. Kwa kanuni mechi hiyo inahesabiwa, na kamati huandaa michoro ya akiba. Kwa uzoefu wa miaka yote, fainali ya Jumapili inasogeza timu kidogo sana. Ukipanga orodha yako, funga namba zako Jumamosi usiku; utapatia zaidi.

Baada ya orodha kuja kuchora, na huku ndiko wengi wanapoharibu. Namba 1 hadi 4 za kanda zote ni timu 16, zinapelekwa vituo 8, mbili kila kituo, kwa ukaribu na kwao, aliye juu akipangwa kwanza. Timu 4 bora za konferensi moja zikiwa ndani ya hizo 16, ziende kanda tofauti. Kisha jumlisha nafasi halisi (kwenye ile orodha ya 1 hadi 68) za timu nne za juu za kila kanda. Mgawanyo kamili ni 34 (kwa mfano 1, 8, 9 na 16). Tofauti kati ya kanda nzito na nyepesi isizidi 5.

Wa konferensi moja: waliokutana mara 3 wasikutane kabla ya fainali ya kanda, waliokutana mara 2 wasikutane kabla ya nusu fainali ya kanda, mara 1 wanaweza kukutana raundi ya pili. 2025 konferensi ya SEC ilitoa timu 14, rekodi, kwa hiyo kanuni hizi zilibana kila kona. Tennessee namba 2 na Kentucky namba 3 walikuwa wamekutana mara mbili, wakawekwa kanda moja, wakakutana nusu fainali ya kanda, mapema kabisa inavyoruhusiwa. Ikishindikana kabisa, timu inasogezwa ngazi moja juu au chini. Ukiona namba ya ajabu, kabla hujatukana angalia kama ilisogezwa.

Tena BYU, chuo cha kanisa la Mormoni, hawachezi Jumapili kwa sababu ya dini. Lazima wawe kituo cha Alhamisi na Jumamosi, na kanda ya Alhamisi vilevile. 2025 walipelekwa Denver, kisha Newark. Ukisahau hili, mchoro wako wote unaanguka dakika ya mwisho.

Ulinzi wa timu za juu dhidi ya kelele za ugenini ni wa raundi ya kwanza tu. Auburn, namba 1 wa nchi nzima, walipelekwa Lexington, na Louisville namba 8 wakawekwa hapo hapo, kama kilomita 125 kutoka kwao. Kanuni haikuvunjwa. Creighton waliwafunga Louisville 89-75 wakawaokoa Auburn na uwanja mzima wenye jezi nyekundu za Louisville. Wanaomkumbuka Hasheem Thabeet wetu wanajua namba nzuri si kinga: UConn yake ya 2008, namba 4, walitolewa na San Diego, namba 13, 70-69 kule Tampa.

Kikapu_Temeke

Nimeelewa. Sasa nianzie wapi kwa mkono wangu?

Fundi_Mchoro

Mwanzo wa Machi andika timu za uhakika, utapata kama 28 au 30 hivi za kuchaguliwa. Usizibishanie tena. Kwa nafasi zilizobaki weka ubaoni timu 14, si zaidi, kila moja na mstari mmoja: Q1, jumla ya Q1 na Q2, vipigo vya Q3 na Q4, WAB, ushindi wa ugenini. Kisha fanya ule mzunguko wa nane-nne mwenyewe, bila kuangalia majina.

Acha nafasi 2 tupu hadi Jumamosi kwa ajili ya wezi, yaani timu zisizotarajiwa zinazotwaa ubingwa wa konferensi. 2024 walikuwa wengi: NC State wakiwa 22-14 baada ya kushinda mechi 5 kwa siku 5, pia Oregon, UAB na Duquesne. Kila mmoja alimtoa mtu ukingoni. Wasipotokea, jaza hizo mbili kutoka ubaoni.

Kwa wanawake hesabu inabadilika kwenye mstari mmoja: timu 16 za juu zinacheza raundi mbili za kwanza kwenye viwanja vya vyuo vyao. Kwa hiyo ubishi mkubwa uko kati ya nafasi ya 16 na 17, kuliko ule wa mwisho wa orodha. Anza huko.